Mapovu Katika Damu ya Dada Yangu

Tiketi ya ndege niliinunua mimi. Lazima nianze hapo, kwa sababu kwa miezi mingi nimekuwa nikiisimulia habari hii kwa kuanzia mahali pengine: kwa bahari, kwa mwalimu wa kupiga mbizi, kwa daktari wa zahanati aliyemchoma dada yangu sindano ya maumivu akamwambia aende akalale. Wote hao wamo. Lakini tiketi niliinunua mimi, kwa simu yangu, nimesimama katikati ya karakana yangu hapa Kimbo, Ruiru, miwani ya kuchomelea ikiwa bado juu ya kipaji cha uso.

Tumezaliwa wawili tu, na tunapishana miaka kumi na moja, kwa hivyo huyu msichana nimemlea kiasi cha kumlea. Anafundisha watoto kuogelea katika bwawa la hoteli moja upande wa Thika. Kwetu hakuna mwingine anayejua maji. Mimi yakinifika kifuani naanza kutubu. Mwaka jana alianza kusema anataka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi, ile ya kukaa chini ya bahari nusu saa nzima ukipumua kwa mpira. Alikuwa na sababu yake. Huku kwetu kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji, na mvua zikinyesha sana hatukosi kusikia mtu amezama. Alikuwa amesimama ukingoni mwa chimbo moja siku tatu, akitazama wanaume wakimtafuta jirani yetu kwa kamba na vyuma vilivyopindwa. Alirudi nyumbani akasema, "Mtu hatafutwi hivyo, kama ndoo iliyoanguka kwa kisima." Alipopata likizo akaenda Diani, kule Pwani, kusoma.

Alikuwa arudi Jumatatu usiku kwa basi. Ijumaa, hospitali ya macho kule Thika ikapiga simu kwamba upasuaji wa jicho la Maitu, mama yetu, umeletwa mapema, aletwe Jumatatu asubuhi. Na Jumatatu hiyo hiyo nilikuwa nimeahidi kupeleka geti la shule moja na kulisimamisha. Ningeweza kulisongeza geti. Sikulisongeza. Nilimpigia dada yangu Jumamosi jioni nikamwambia nimemtafutia ndege ya kesho yake saa tisa.

"Bro, mwalimu amesema tusipande ndege siku tunayopiga mbizi," akasema. "Lazima ningoje angalau mpaka Jumatatu."

"Ungoje nini? Safari yenyewe haifiki hata saa moja."

"Ni mambo ya presha."

"Maitu anakutaka wewe. Hataki mtu mwingine wa kumshika mkono."

Nilisikia upepo kwa simu, na watu wakicheka nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Nitakuja."

Nilimpokea uwanja wa ndege Jumapili jioni na pikapu ninayobebea vyuma. Alitoka amelibeba begi kwa bega la kulia, mkono wa kushoto ameubana tumboni kama mtu aliyevunjika. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni bega, ule mtungi ni mzito kama ile mitungi yangu ya gesi ya karakana. Ndani ya gari alikuwa akijikuna tumbo, akijikuna, mpaka nikamwambia aache. Akainua blauzi kidogo tukaangalia. Ngozi ilikuwa na madoa mekundu na ya zambarau, yametambaa kama ramani.

"Umeumwa na kitu cha bahari," nikasema.

"Labda."

Halafu akalala. Alilala barabara yote ya Thika, kichwa kikigonga kioo, na hakuamka hata nilipopita matuta ya hapa Kimbo bila kupunguza mwendo. Dada yangu hajawahi kulala kwa gari maishani mwake. Huwa anaongea. Nililiona hilo, na nikaona ni uchovu.

Asubuhi nilipofika kwa Maitu, yeye alikuwa ameshavaa. Ameketi sebuleni na kitambaa chake cha kwenda kanisani, mfuko wa hospitali magotini, macho yake yenye ukungu yakitazama upande wa mlango. "Msichana bado hajatoka," akaniambia. "Namsikia akienda choo na kurudi, akienda na kurudi."

Dada yangu akatokea kwa korido akishika ukuta. Alikuwa anajaribu kutabasamu.

"Miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine," akasema.

"Imekuwaje?"

"Inawasha ndani. Kama umeilalia. Na nataka kwenda haja ndogo lakini haitoki. Tangu nitoke kitandani."

Kulikuwa na kipandio kimoja tu cha kushuka kutoka korido hadi sebuleni, kipandio alichokiruka tangu utotoni bila kukitazama. Mguu wa kushoto ulikikosa. Alianguka kwa magoti mbele ya mama yake, na Maitu, ambaye hakuona vizuri kilichotokea, akanyoosha mikono hewani akiuliza, "Ni nini? Ni nini kimeanguka?"

Nilimbeba mpaka zahanati iliyo karibu na karakana yangu. Daktari pale ni mtu mzuri, ametutibu miaka mingi. Akauliza ametoka wapi, nikasema likizo, Diani. Akampima malaria, hana. Akambonyeza bega, akasema pengine mshipa wa fahamu umefinywa kwa kubeba mzigo vibaya, na haya madoa ni mzio wa chakula cha Pwani. Akamchoma sindano ya maumivu, akasema apumzike, kesho kama bado arudi. Hakuuliza habari ya kupiga mbizi, na sisi hatukusema. Hilo ndilo jambo ninaloomba watu wanisikie vizuri. Tulisema likizo. Kama tungesema mtungi, kama tungesema ndege, labda angefikiria kitu kingine, labda asingefikiria. Lakini hatukumpa hiyo nafasi.

Nilimketisha kwa benchi la nje nikaenda kuleta pikapu. Niliporudi nikamkuta analia bila sauti.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Jana, mbizi ya mwisho, maji yaliingia kwa miwani ya mbizi. Nikashindwa kuyatoa. Nikaogopa, bro. Nikapanda juu mbio. Watoto nawafundisha kila siku wasiogope, halafu mimi nikapanda mbio."

"Sasa hiyo na miguu inahusiana vipi?"

"Mpigie mwalimu wangu. Namba iko hapo."

Nilimpigia. Alikuwa mtu wa Pwani, sauti ya utulivu, nikasikia injini ya boti ikizimwa ili anisikie. Nilianza kumweleza na akanikatiza.

"Sikiliza, kaka yangu, nijibu moja moja. Maumivu yako wapi?"

"Bega la kushoto."

"Ukilibonyeza yanazidi?"

Nikalibonyeza. Dada yangu akatikisa kichwa. Yalikuwa ndani, akasema, kama ya jino.

"Miguu?"

"Ganzi. Ameanguka asubuhi."

"Amekojoa?"

Niliona aibu kujibu swali hilo kwa mwanamume nisiyemjua, kuhusu dada yangu. "Hapana," nikasema. "Amejaribu, haitoki."



"Alipanda juu haraka jana," mwalimu akasema. "Hakuwa mbali sana chini, mita kumi na tano hivi, lakini zile za mwisho alizipanda haraka. Nilimweka chini ya uangalizi, hakuwa na dalili yoyote. Nikamwambia anywe maji, apumzike. Yuko huku Diani bado, ama?"

"Yuko Ruiru."

"Ruiru? Amefikaje Ruiru?"

Nilimtazama dada yangu pale benchini.

"Kaka, amefikaje?"

"Kwa ndege. Jana saa tisa."

Nilisikia akivuta pumzi. "Alitoka majini saa tano," akasema, na hakusema neno lingine la lawama, siku hiyo wala baadaye. Afadhali angenitukana.

Akanieleza kwa haraka, na kwa kuwa mimi ni fundi wa kuchomelea kwa gesi nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka. Ukiwa chini ya maji unapumua hewa iliyobanwa, na naitrojeni iliyomo inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu taratibu. Ukipanda haraka, au ukienda juu angani kabla haijaisha, inageuka mapovu humo humo mwilini, vile soda inavyofanya ukifungua kizibo. Yakikaa kwa kiungo ni maumivu. Yakikaa kwa uti wa mgongo ni miguu, ni mkojo.

"Siwezi kusema kwa hakika nikiwa huku," akasema. "Lakini mtu akipiga mbizi, halafu ndani ya siku moja anapata mambo haya, tunasema ni hayo mapovu mpaka daktari athibitishe kwamba siyo. Hatungojei. Mlaze chali. Mpe oksijeni safi kwa maski, sasa hivi, asitolewe. Mpeleke hospitali kubwa, uwaambie neno mbizi kabla ya neno lingine lolote. Na asipande ndege tena. Dawa yake ni chemba ya presha, na mimi ninayoijua iko Mombasa."

Nikaingia zahanati kwa kishindo. Daktari alinisikiliza, na kwa heshima yake niseme kwamba alibadilika rangi, akaenda mwenyewe kuukokota mtungi wa oksijeni kutoka kona. Akafungua. Mshale wa kipimo haukusogea. Akafungua zaidi, akaugonga kwa kiganja. Mtungi ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo akili yangu ilipotaka kuruka. Kwa maana karakana yangu iko hatua hamsini kutoka pale, na ndani yake kulikuwa na mtungi wa oksijeni uliojaa, niliouleta Alhamisi ya kukatia vyuma. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Daktari akanishika shati.

"Unaenda wapi?"

"Kuleta oksijeni."

"Ile ni ya kukatia chuma! Sijui ndani kuna nini, na sina kifaa cha kuipunguza nguvu. Unataka kumpasua mapafu?"

"Sasa nifanye nini? Niambie nifanye nini!"

Nilimpigia kelele mtu aliyenitibu mkono nilipoungua, mbele ya wamama waliokuja na watoto kliniki. Muuguzi mmoja mzee akaniambia kwa Kikuyu, taratibu, vile unavyomwambia mtoto, kwamba gari ninalo na barabara ninaijua. Ndiyo hivyo. Tulimlaza nyuma ya pikapu kwa godoro la zahanati, muuguzi akapanda naye, nikaendesha mpaka hospitali moja mjini Ruiru nikipiga honi njia nzima.

Pale mapokezi nilisema, "Mbizi." Msichana wa mapokezi akaniuliza mbizi ni jina la mgonjwa? Nikasema tena, nikasema bahari, nikasema mtungi, nikasema ndege, nikasema mkojo hautoki, na sauti yangu ilikuwa inapanda mpaka watu wa foleni wakaanza kuondoka njiani. Daktari aliyekuja alikuwa kijana kuliko dada yangu. Alimchunguza kwa pini na pamba, akimwambia afunge macho aseme anaguswa wapi. Alipomgusa mguu wa kushoto, dada yangu alikaa kimya akingoja kuguswa.

"Sijawahi kuona mgonjwa wa hivi," daktari akaniambia. "Nilisoma ukurasa mmoja chuoni." Lakini alimvalisha maski yenye mfuko, akafungua oksijeni mpaka mwisho, akaweka mpira wa mkojo, akaning'iniza dripu, halafu akachukua simu yake mwenyewe na namba niliyopewa na mwalimu, akasimama dirishani akiongea na watu wa chemba. Nilimpenda kijana yule kwa sababu alikubali kwamba hajui.

Ndani ya saa moja ya oksijeni maumivu ya bega yalipungua. Ganzi ya mguu wa kulia ikapungua kidogo. Nikafurahi, nikamwambia daktari, basi si amepona? Akasema hapana. Oksijeni ikiondolewa inaweza kurudi mbaya zaidi, na mguu wa kushoto haujabadilika. Watu wa Mombasa walikuwa wamekubali kumpokea. Wakauliza kuhusu ndege inayoweza kuruka chini chini. Ikatafutwa, haikupatikana siku hiyo. Ilibaki barabara.

Kabla hatujaondoka nilimpigia Maitu. Alikuwa bado ameketi pale pale, mfuko magotini, akingoja mtu wa kumpeleka Thika.

"Jicho langu limengoja miaka," akasema. "Litangoja. Mwambie msichana asiogope." Halafu akaniuliza, "Ni wewe uliyemwambia aje na ndege?"

"Ni mimi, Maitu."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, bado iko hewani.

Ambulensi ilitoka Ruiru saa tano na nusu. Ndani tulikuwa dada yangu, muuguzi wa hospitali na mimi, na mitungi miwili ya oksijeni. Kazi yangu ilikuwa kutazama mshale. Nimetazama mishale ya gesi miaka ishirini. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia ule. Malori yalitusimamisha Mlolongo. Yakatusimamisha tena mbele ya Emali, ambapo trela lilikuwa limelala katikati ya barabara, na dereva wetu akapita kando kwa kando, magurudumu mawili kwenye vumbi. Kila nusu saa muuguzi alimwambia dada yangu asogeze vidole vya miguu. Vya kulia vilisogea. Vya kushoto tuliviangalia mimi na muuguzi, na yeye akituangalia sisi ili ajue.

Tulipofungua mtungi wa pili nilihesabu, na hesabu haikufika Mombasa. Nilihesabu tena. Nikamwambia muuguzi, akaniambia anajua, anapiga simu. Mtito Andei tulikuwa na robo ya mtungi. Nilimshika dada yangu mkono nikaanza kusema mambo ambayo sijawahi kuyasema: kwamba geti lile si lolote, kwamba mwenye shule hata hangekasirika, kwamba nilitaka tu mambo yangu yaende nilivyoyapanga. Alisogeza maski kando.

"Rudisha hiyo kitu!" muuguzi akasema.

"Mimi ndiye niliyejua," dada yangu akaniambia. "Wewe hukusoma. Mimi nilisoma, nikafanya mtihani, swali lilikuwepo." Akairudisha maski mwenyewe akafunga macho.

Hospitali moja ya Voi ilitungojea na mtungi umeshatolewa nje, umesimama mlangoni pamoja na mtu wa kuufunga. Tulisimama pale dakika sita. Sikupata hata kuwajua majina.

Tulifika Mombasa jua likizama. Chemba ilikuwa tangi la chuma lililolala, lina madirisha ya duara, na kwa mazoea yangu niliangalia kwanza jinsi lilivyochomelewa. Kazi safi. Wakamwingiza pamoja na mhudumu mmoja, mlango ukafungwa, presha ikapandishwa kana kwamba wanamrudisha chini ya bahari, kisha wamtoe polepole vile alivyopaswa kutoka. Matibabu ya kwanza yalichukua karibu saa tano. Kwa dirisha nilimwona amelala, maski usoni, akinyanyua kidole gumba kila alipoulizwa kitu. Daktari wa pale aliniambia wazi: kama tungekuja Jumapili ingekuwa rahisi, kama tungengoja Jumanne hangeniahidi chochote, kwa jinsi ilivyo, tuone.

Aliingia kwenye lile tangi siku sita. Siku ya pili mkojo ukaja wenyewe, na alilia kwa furaha ya kitu ambacho watu hawakisemi hadharani. Siku ya nne vidole vya kushoto vikasogea. Tukarudi kwa barabara baada ya wao kuturuhusu, na akafanya mazoezi ya mguu miezi mitatu Ruiru, akipanda na kushuka ngazi za jengo nikiwa nyuma yake, mikono wazi. Maitu alifanyiwa jicho lake baadaye, na dada yangu akamshika mkono akiwa na gongo.

Sasa anatembea bila gongo. Amerudi kazini, lakini madaktari wamemkataza kupiga mbizi tena, na amekubali. Mimi ndiye sijakubali mambo mengi. Hatujawahi kuyazungumza yale ya kwenye ambulensi. Maitu alininyamazia wiki mbili, kisha siku moja akaniuliza kama nimekula, na ikawa imekwisha.

Unyayo wa kushoto bado hausikii vizuri. Anapima maji ya kuoga kwa mkono, na jioni anakagua mguu kwa macho. Jumapili iliyopita tulitoka kanisani tukaenda kwangu kunywa chai. Alipovua kiatu, kokoto ilianguka kwenye saruji, kubwa kama punje ya hindi, na soksi ilikuwa na damu. Alikuwa ameikanyaga njia nzima ya kwenda na kurudi, na kusimama nayo ibada nzima. Akaiokota akaitazama, akaitupa nje ya mlango, akaniomba beseni la maji. Nilileta beseni, nikapiga magoti, nikamwosha.